Minnesota, Texas, Massachusetts au Seattle: chagua kwa mwezi mbaya, si kwa mshahara

Anayepanga kuhamia Marekani, au kutoka jimbo moja kwenda jingine, kwanza huuliza: huko wanalipa ngapi kwa saa? Jibu hupatikana upesi, watu wanafunga mizigo, halafu Januari au Agosti inawakuta hawana koti, hawana gari la pili, na cheti chao cha kazi hakitambuliki. Ushauri wetu ni kupima kila mahali kwa mambo matatu: mwezi wake mbaya kuliko yote, idadi ya magari ambayo nyumba itahitaji ili kila mtu afike kazini, na kama karatasi zako za kazi zinavuka mpaka wa jimbo.

Tunalinganisha sehemu nne ambako wasemaji wa Kiswahili ni wengi: vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park na Brooklyn Center, Houston, Boston pamoja na mji wa Lowell ulio kaskazini yake, na kusini mwa Seattle, yaani Kent, Tukwila na SeaTac. Nyingine tutazigusa mwishoni.

Mshahara na kodi

Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu 2009. Texas inatumia hichohicho. Mwaka 2025 Minnesota ilikuwa dola 11.13, Massachusetts 15, jimbo la Washington 16.66, na ndani ya jiji la Seattle 20.76. Ukitazama namba hizi peke yake utakimbilia Seattle, na ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu kodi ya nyumba ya Seattle na Boston inameza tofauti yote na kuzidi. Isitoshe, maghala na hospitali za Houston hulipa juu ya kile kima; ni wachache wanaopokea 7.25 kamili.

Texas na Washington hazikati kodi ya mapato ya jimbo. Hiyo haimaanishi hazikusanyi. Texas inakamua kupitia kodi ya majengo, na mpangaji hulipa fungu lake ndani ya kodi ya nyumba bila kuliona. Seattle inatoza zaidi ya asilimia 10 kwenye manunuzi ya dukani, ingawa vyakula vingi vya kupikwa nyumbani vimesamehewa. Massachusetts inakata asilimia 5 ya mapato. Minnesota hukata kodi ya mapato pia, lakini nguo hazina kodi ya mauzo, na kwa familia ya watu watano wanaonunua makoti na buti kwa mara ya kwanza hilo si jambo dogo. Makato ya Social Security (pensheni ya serikali kuu) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65 ya mshahara, yanakufuata kokote, basi usiyahesabu unapolinganisha.

Minnesota: mwezi wa kuuogopa ni Januari

Usiku wa Januari Minneapolis hushuka kwa wastani hadi nyuzi 13 chini ya sifuri za Selsiasi. Hiyo ni hali ya kawaida tu. Mwishoni mwa Januari 2019 ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, kabla hujahesabu upepo. Kwa baridi ya namna hiyo ngozi iliyo wazi inaumia ndani ya dakika chache, na ncha za vidole na masikio ndizo zinazotangulia.

Baridi hii inawezekana kuishi nayo, na watu wengi wanaipenda kuliko wanavyotarajia, ila ina kanuni zake. Vaa tabaka tatu: ya ndani inayobana mwili na isiyo ya pamba, maana pamba hushika jasho na jasho likipoa linakugandisha, ya kati ya sufu au flisi, ya juu ya kuzuia upepo. Buti nunua zenye nafasi kidogo, kwa sababu soksi nene ndani ya buti linalobana huzuia damu na mguu unapoa zaidi. Glovu zinazokusanya vidole pamoja zina joto kuliko zenye vidole vilivyotengana. Watoto shuleni hutolewa nje wakati wa mapumziko hata theluji ikiwapo, kwa hiyo suruali ya theluji ni sehemu ya vifaa vya shule sawa na daftari.

Gari ndilo linaloleta taabu zaidi. Betri iliyochoka inayowasha gari vizuri Oktoba hufa asubuhi ya kwanza ya baridi kali. Ipimwe kabla ya Novemba, maduka mengi ya vipuri hupima bure. Upepo wa tairi hupungua takribani PSI 1 (kipimo cha upepo kinachoandikwa kwenye tairi) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na taa ya tahadhari kwenye dashibodi huwaka kwa sababu hiyo tu. Maji ya kusafishia kioo yawe ya kustahimili baridi, la sivyo yataganda kwenye mrija. Usimwagie kioo maji ya moto: kitapasuka. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne husaidia kuondoka mahali, halisaidii kusimama; kinachosimamisha gari ni tairi. Na jihadhari na barabara inayoonekana nyeusi na kavu. Chumvi ya barabarani hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hasi, na ule weusi mara nyingi ni barafu nyembamba.

Kisha kuna jambo linalowagharimu wageni pesa kila msimu: dharura ya theluji. Jiji la Minneapolis likiitangaza, kanuni za kuegesha hubadilika kwa siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, huegeshi upande wowote wa barabara zilizowekewa alama ya dharura ya theluji. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, huegeshi upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa mingine. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa namba witiri. Ukikosea, gari linavutwa, na unalipa faini, gharama ya kuvutwa na ada ya kuhifadhiwa. Jiandikishe upokee arifa za jiji kwenye simu mapema, kabla theluji ya kwanza haijaanguka. St. Paul, jiji la pili lililo ng'ambo ya mto, lina utaratibu wake tofauti, na anayelala mji mmoja na kufanya kazi mwingine lazima ajue taratibu zote mbili.

Kinachofidia ni nyumba. Zimejengwa kwa baridi: kuta nene, madirisha ya vioo viwili, tanuri la gesi chini. Ndani unakaa na fulana. Ukishindwa kulipa bili, jimbo lina Kanuni ya Majira ya Baridi, inayofanya kazi kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 na inayozuia kukatiwa umeme au gesi ya kupashia joto, kwa sharti kwamba umepiga simu ukapanga namna ya kulipa na unaitekeleza. Anayenyamaza akitumaini mambo yatajipa hapati kinga hiyo. Kazi za uuguzi, za nyumba za kutunzia wazee na za kuhudumia watu wenye ulemavu zipo kwa wingi, na Waafrika Mashariki wamezishika kwa muda mrefu kiasi kwamba mgeni hukosi wa kumuuliza.

Houston: Agosti, Septemba, na siku umeme unapokatika

Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam ataona joto la Houston ni la kawaida, na ndiyo maana wengi huchukulia jiji hili kuwa rahisi. Mwili kweli unazoea. Vinavyosumbua ni bili ya kiyoyozi, maji ya mafuriko na umbali.

Tuanze na umeme, kwa sababu hapa mgeni anapigwa vibaya. Houston na Dallas, mteja huchagua mwenyewe kampuni ya kumuuzia umeme. San Antonio na Austin jiji ndilo linalouza. Tovuti ya serikali ya jimbo iitwayo Power to Choose huorodhesha mipango, na mipango inayojitokeza juu kwa bei ya chini mara nyingi ina mtego: punguzo kubwa linalotolewa ukifikisha uniti 1,000 kwa mwezi. Ukitumia 990 punguzo lote linayeyuka na bei ya kila uniti inapaa. Agosti utavuka 1,000 bila shida, lakini Machi na Novemba, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, hutafika. Fungua karatasi ya maelezo ya umeme inayoambatana na kila mpango, angalia bei katika matumizi ya uniti 500, 1,000 na 2,000. Namba hizo tatu zikitofautiana mno, achana nao. Chukua mpango wa bei isiyobadilika wa miezi 12, andika tarehe unapokwisha, na utafute mwingine kabla, maana ukijisahau unahamishiwa bei ya mwezi kwa mwezi, na hiyo huwa kali.

Mafuriko ni jambo la pili. Maji ya kimbunga Harvey cha Agosti 2017 yaliingia hata kwenye nyumba zilizokuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kuwa hatari. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi vitu vilivyoharibiwa na mafuriko. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya mpango wa serikali kuu huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, basi bima inayonunuliwa kimbunga kikiwa kimeshatajwa kwenye taarifa ya habari haikusaidii. Tangu 2022 sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akupe maandishi kama nyumba ipo kwenye bonde la mafuriko na kama iliwahi kuingiliwa na maji katika miaka mitano iliyopita. Iombe karatasi hiyo. Chagua ghorofa ya pili ukiweza, na uliza magari huegeshwa wapi, maana mara nyingi sebule hupona na gari linazama.

Umeme ukikatika, hukatika kweli. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliacha wateja zaidi ya milioni mbili gizani, wengine kwa siku nyingi katikati ya joto. Februari 2021 ilikuwa kinyume chake: baridi kali ilishuka, gridi ya umeme ya Texas, ambayo kwa sehemu kubwa imejitenga na za majimbo mengine, ikalemewa, na zaidi ya watu 200 wakafa. Nyumba zilizojengwa kwa joto hazikuweza kuhifadhi joto ndani. Ajabu ni kwamba familia ya Minneapolis ililala vizuri zaidi wiki hiyo.

Hapa tunasisitiza kwa nguvu zote: jiko la mkaa, jiko la gesi la nje au jenereta visiwashwe ndani ya nyumba, wala kwenye gereji, wala barazani karibu na dirisha. Nyumba za Marekani zimezibwa barabara. Hazina mianya ya hewa kama nyumba zetu. Ukaa monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto na injini, haina harufu, nayo iliua watu wengi Texas katika baridi ile, wakiwemo wahamiaji waliotaka tu kuwapasha watoto wao joto. Kifaa cha kuigundua hakizidi bei ya mlo wa familia mkahawani. Kinunuliwe siku unayopewa funguo.

Magari: watu wawili wanaofanya kazi, magari mawili. Basi la mjini ni dola 1.25, na ni zuri kwa anayekaa na kufanya kazi kwenye njia yake, lakini zamu ya usiku na vitongoji vya mbali havifikiwi. Barabara nyingi za haraka ni za kulipia. Chukua kibandiko cha malipo cha kubandika kwenye kioo cha mbele, kwa sababu bili inayotumwa kwa posta kwa asiye nacho ni ghali zaidi na ikipuuzwa hujaa ada.

Na afya. Texas haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu mzima asiye na mtoto, mwenye kipato kidogo, asiye mlemavu, hapati, hata awe raia. Minnesota, Massachusetts na Washington zimepanua. Mwenye ugonjwa wa kudumu kama kisukari au shinikizo la damu, ambaye bado hajapata kazi yenye bima, atafikiri mara mbili kabla ya kushukia Houston, hata kama ndugu zake wote wako huko.

Boston na Lowell: Septemba 1 na mkataba wa nyumba

Baridi ipo, na majira ya 2014 hadi 2015 Boston ilipokea theluji ya karibu mita 2.8, lakini kinachovunja watu hapa ni kupata nyumba. Mikataba mingi huanza Septemba 1 kwa sababu ya wanafunzi. Anayefika Agosti anashindana na jiji zima, na anayefika Januari huchagua katika vilivyobaki, ila mara nyingi kwa bei ya kujadilika. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kitasa. Jumla ni karibu miezi mitatu mkononi. Ada ya dalali, iliyokuwa ikibebeshwa mpangaji, tangu Agosti 1, 2025 hulipwa na aliyemwajiri dalali. Akikudai na hukumtafuta wewe, kataa.

Nyumba ni za zamani. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba: joto analipa nani? Zingine zinapashwa kwa mafuta yanayoletwa kwa lori, na wauzaji wengi hawaji kwa chini ya galoni 100, kwa hiyo hulipi kidogo kidogo kama gesi. Unatoa mamia ya dola kwa mkupuo katikati ya baridi. Swali la pili, ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 6: rangi ya ukutani yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, imeondolewa? Nyumba nyingi za kabla ya 1978 zina rangi hiyo, na sheria ya Massachusetts inamlazimu mwenye nyumba kuiondoa au kuidhibiti mtoto wa umri huo akiishi humo, na inamkataza kukunyima nyumba kwa sababu ya mtoto.

Faida kubwa ni kwamba gari si lazima. Treni ya jijini ni dola 2.40, na Lowell imeunganishwa na Boston kwa treni ya abiria ya chini ya saa moja hivi. Ukiondoa mkopo wa gari, bima, mafuta na matengenezo, kodi kubwa ya Boston huanza kuonekana ina maana. Lowell yenyewe ni nafuu kuliko Boston, Wakenya wako huko kwa miongo, na makanisa yenye ibada ya Kiswahili hayatafutwi mbali.

Seattle: Novemba na Desemba

Watu husema mvua. Kwa kipimo, Houston na New York hupata mvua nyingi kuliko Seattle katika mwaka. Ya Seattle ni manyunyu yasiyokata chini ya wingu zito kuanzia Oktoba hadi karibu Mei, na Desemba jua huzama saa 10:20 alasiri. Mfanyakazi wa ndani anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona. Usingizi huharibika, hamu ya kula hubadilika, moyo unazama, na mgeni hudhani amerogwa au ana upweke tu. Mwombe daktari apime vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na toka nje mchana hata kukiwa na wingu.

Julai ni pepo: jua hadi saa 3 usiku, hewa kavu, milima mbele yako. Lakini miaka mingine moshi wa misitu inayoungua hufunika mji Agosti na Septemba. Mwenye pumu awe na kichujio cha hewa chumbani. Nyumba nyingi hazina kiyoyozi, na Juni 2021 joto lilifika nyuzi 42.

Usafiri ni mzuri kwa anayekaa karibu na reli: Tukwila na SeaTac zina stesheni, nauli ni dola 3, wenye kipato kidogo hulipa dola 1 wakiwa na kadi maalumu, na vijana wa miaka 18 na chini hawalipi. Kazi za uwanja wa ndege na maghala ziko palepale.

Nyingine kwa kifupi

Phoenix: Julai. Mwaka 2023 joto lilivuka nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo. Kiyoyozi kikiharibika, hilo ni jambo la saa chache, si la kusubiri wiki. Atlanta: Marietta na Kennesaw zina Wakenya wengi, Clarkston ina wakimbizi wa kila taifa, hali ya hewa ni ya wastani, ila gari ni lazima na Medicaid ina ufinyu kama wa Texas. Iowa na Kentucky: kodi ya nyumba nafuu kuliko zote hapa, Wakongomani wengi kiasi kwamba Kiswahili utakisikia dukani Louisville, Lexington, Des Moines na Iowa City. Kazi nyingi za Iowa ni za viwanda vya nyama: zinalipa vizuri bila Kiingereza kingi, lakini mikono na mabega huumia kwa kurudia mkato uleule maelfu ya mara.

Leseni ya kazi, safari na nyumbani

Nesi mwenye leseni ya mkataba wa majimbo, yaani inayotambuliwa na majimbo yote yaliyojiunga, anaweza kuanza kazi Texas, Georgia, Iowa, Kentucky, Tennessee, Arizona na Washington kwa leseni hiyohiyo, ila akihamia huko kuishi anatakiwa kuomba leseni ya jimbo jipya ndani ya siku 60. Minnesota, California na New York hazimo. Massachusetts ilipitisha sheria ya kujiunga mwishoni mwa 2024, na utekelezaji huchukua muda. Uliza bodi yake kabla ya kuhama. Nesi msaidizi huhamisha usajili kwa kujaza fomu kila jimbo, na asiyefanya hivyo mapema hukaa wiki kadhaa bila kipato.

Kwa safari, Kaskazini Mashariki pekee ndiko treni inashindana na gari: Boston hadi New York ni saa nne hivi. Houston hadi El Paso ni karibu kilomita 1,200, na bado hujatoka Texas. Kwenda nyumbani, New York ina ndege ya moja kwa moja hadi Nairobi tangu Oktoba 2018. Kutoka Minneapolis njia nyepesi ni kupitia Amsterdam. Houston na Seattle hupitia nchi za Ghuba ya Uarabuni.

Kupiga simu nyumbani: Nairobi na Dar ziko mbele ya Boston kwa saa 7 majira ya joto na 8 majira ya baridi, Houston na Minneapolis 8 na 9, Seattle 10 na 11. Phoenix ni 10 mwaka mzima kwa sababu Arizona haibadili saa. Mwenye mzazi mgonjwa kijijini atagundua kwamba kutoka Seattle, ukitoka kazini jioni kule ni usiku wa manane.

Tabia za watu zinatofautiana kweli. Kusini mtoto bado hufundishwa kuwaitikia wakubwa kwa heshima, na mgeni husalimiwa foleni ya dukani. Mzazi aliyelelewa kwa shikamoo hujisikia yuko kwao. Minnesota ni wapole lakini mlango wa nyumba hufunguka polepole. Boston wanakwenda mbio na husema wazi, wala si ugomvi. Chakula: mboga ya kolade, ndugu wa sukuma wiki, iko kila duka la Kusini. Unga wa tortilla wa Kimeksiko haufai ugali, kwa kuwa mahindi yake yamechemshwa na chokaa. Tafuta unga mweupe wa mahindi wa kawaida, au duka la Kiafrika.

Unachagua vipi

Familia yenye watoto wadogo, nesi au mhudumu wa wazee mmoja, na gari moja la kuaminika: Minnesota, tunasema bila kusita. Mtu mmoja asiyependa gari: Boston upande wa treni, au Lowell. Anayetaka kununua nyumba mapema, ana kazi yenye bima, na anaweza kuendesha magari mawili: Houston, ghorofa au kiwanja cha juu. Mwenye taaluma ya kompyuta, au kazi ya uwanja wa ndege: Seattle, ila asiwe mtu aliyewahi kuzama moyoni bila msaada.

Ukiweza, tembelea mwezi mbaya kabla ya kusaini mkataba: Minneapolis Januari, Houston Agosti, Seattle Novemba. Panda basi la saa 11 alfajiri kutoka mtaa unaoutaka hadi kazini. Ukishahamia, mgeni asiye raia anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, ambayo ni bure na hujazwa mtandaoni. Leseni ya gari ibadilishwe ndani ya siku 30 Washington, 60 Minnesota, 90 Texas. Massachusetts haitoi muda, unatakiwa kuibadilisha mara tu unapokuwa mkazi.